Tundu la Sindano

Mama Fundi alikuwa fundi cherehani, na kisima chake cha uani kilikuwa fahari yake. Kila mteja alipewa maji kabla ya kupimwa nguo. Mama Fundi alishika sindano nyuma ya glasi na kuuliza, "Unaona tundu lake? Basi maji ni safi. Kunywa, mwanangu!"

Lakini mjukuu wake, mtoto wa miezi minane, aliugua kuharisha mara tatu katika mwezi mmoja.

"Meno hayo," alisema Mama Fundi.

"Mama, meno gani haya?" binti yake alilia. "Mwanangu amebaki mifupa!"

Wakamkimbiza zahanati. Mtoto alitibiwa, na kesho yake Bwana Afya, aliyepewa habari na zahanati, alifika nyumbani na chupa ndogo ya kuchukulia maji ya kisima.

"Unajisumbua bure," Mama Fundi alimwambia. "Maji meupe pe!"

"Vijidudu havionekani kwa macho, mama. Usiguse mdomo wa chupa. Inakwenda maabara."

Siku ya tatu alirudi na karatasi. Kiti alipewa, hakukaa.

"Mama, maji haya yana vijidudu vya kinyesi."

"Ati nini? Kinyesi cha nani? Hapa hatufugi hata kuku!"

Bwana Afya aligeuka akatazama choo. Mama Fundi naye akatazama. Alichukua futi yake ya kupimia nguo, akapima kutoka chooni hadi kisimani. Mita tisa tu.

"Zingetakiwa thelathini au zaidi," alisema Bwana Afya. "Tena choo kiko upande wa juu. Uchafu unapenya chini kwa chini."

Futi ilimponyoka. Mungu wangu! Uji wa mtoto aliupoza nani kwa maji ya kisima, kila asubuhi? Yeye. Akaketi palepale mchangani.

"Nimemnywesha kwa mkono wangu," alisema. "Na wateja wote wale! Sasa tufanyeje?"

"Chemsheni maji mpaka yatokote, myafunike. Hamisheni choo. Kisha tutatia dawa kisimani na kupima tena. Kabla ya hapo, msinywe bila kuchemsha."

Choo kipya kilichimbwa mbali, upande wa chini. Cha zamani kilifukiwa. Mtoto akapona, akajaa mashavu. Majibu ya pili yalipotoka, maji yalikuwa salama.

Siku moja mteja wa zamani alipokea glasi, akacheka. "Mama Fundi, leo hunionyeshi tundu la sindano?"

Mama Fundi hakucheka. Alimwonyesha karatasi ya maabara ukutani.

"Sindano ni ya kushonea," alisema. "Tundu lake nililiona kila siku, na mjukuu wangu nusura nimzike."