Karanga za Doto Zilizokataa Kupangika

Kulwa na Doto ni mapacha wa Kisukuma. Kulwa alizaliwa kwanza. Doto akafuata. Nyuso zao ni sawasawa.

Kwa mapacha, kila kitu hugawiwa sawa. Mama aliwapa karanga za kupanda. Bakuli moja la Kulwa. Bakuli moja la Doto.

Wakahesabu. Tik, tik, tik.
Kulwa alipata mia nne na ishirini.
Doto alipata mia nne na kumi na tisa.

Kulwa alizipanga chini, mbili mbili. Hakuna iliyobaki!
Tatu tatu. Hakuna iliyobaki!
Nne nne. Hakuna iliyobaki!

Doto naye akapanga. Tik, tik, tik.
Mbili mbili. Imebaki moja.
Tatu tatu. Zimebaki mbili.
Nne nne. Zimebaki tatu!

"Zako ni kaidi!" Kulwa akacheka. "Zangu zina adabu."

Doto akamtazama Kulwa. Wivu ukamchoma moyoni. Chwii!

Kulwa akaenda kunywa maji. Doto akachukua karanga moja ya Kulwa. Moja tu.

Akapanga tano tano. Tik, tik, tik. Hakuna iliyobaki!

Kulwa akarudi. Akapanga tano tano.
"Zimebaki nne!" Akapanga tena. "Zimebaki nne! Karanga zangu zina nini?"

Machozi yakamtoka. Tii, tii.

Doto akamtazama. Aliuona uso wake mwenyewe, ukilia.

"Shika," akasema. "Niliichukua mimi. Nilikuonea wivu."

"Mwizi wewe!"

"Nimeshairudisha! Lakini zangu hazipangiki. Mama, hazipangiki kabisa!"

Mama akachuchumaa. "Tujaribu sita sita."
Zimebaki tano.
"Saba saba."
Zimebaki sita.

Mama akajaribu na kujaribu, mpaka magoti yakamuuma.

"Aa, mwanangu! Namba hii haigawanyiki. Jina lake ni namba tasa. Haitaki mistari mingi. Inataka mstari mmoja tu."

"Mmoja?"

"Mmoja. Mrefu."

Kulwa akapanda mistari ishirini. Kila mstari, karanga ishirini na moja. Shamba lake likawa zuri kama mkeka.

Doto akaanzia mlango wa jikoni. Tik, tik, tik.
Akapita zizi la mbuzi. Tik, tik, tik.
Akapita kisima. Tik, tik, tik.
Karanga ya mwisho ikaingia ardhini kando ya barabara!

Watu wakasimama. "Mstari huu wa nani?"

"Wangu!" akasema Doto. "Mimi, Doto!"

Kulwa akakunja uso. "Mbona mistari yangu haifiki barabarani?"

Jioni mvua ikanyesha. Cha, cha, cha. Mapacha wakajifunika shuka moja.

"Kulwa," akanong'ona Doto. "Unanionea wivu?"

Kulwa akafikiri. "Kidogo."

"Vizuri," akasema Doto.

Akafumba macho, akalala.