Kompyuta ya Vipande Saba

Jengo lile la maduka ya vifaa vya umeme, siku ya Jumamosi, halina adabu. Watu wanapigana vikumbo kwenye ujia, kila duka lina spika yake na kila spika ina wimbo wake. Humo ndimo alimopita mhariri wa video za harusi, gauni la kijani limempendeza, macho yote kwenye orodha aliyoinakili mtandaoni. Akajikwaa kwenye waya. Angekwenda chini mzimamzima kama si mwanamume mmoja mrefu, shati limejaa vumbi la vipuri, kumdaka mkono.

"Pole, dada. Huo waya ni wangu."

"Basi utoe kabla hujaua mtu."

Aliutoa, akaukunja vizuri, akautundika. Kisha akaiokota ile orodha na, tusifichane, akaisoma yote.

"Nani kakuandikia hii?"

"Nimeitoa mtandaoni."

"Walioiandika wanajua mfukoni kwako kuna nini?"

Hawakujua. Laptop yake ilikuwa imechoka, video ya dakika kumi inachukua siku nzima kutoka, na maharusi hawana subira. Alihitaji kompyuta ya mezani, tena haraka, na pesa yake haikufika hata nusu ya orodha. Huyu bwana naye alikuwa fundi, akiuza vipuri vya kompyuta, vipya na vilivyotumika, katika kiduka chenye upana wa kitanda. Majirani walimwita Taratibu. Akachukua kalamu, akaanza kufyeka.

"Kasha lenye mataa la nini? Kasha kazi yake kubeba tu, chukua hili lililochubuka. Bodi na prosesa za miaka ya nyuma zinakutosha. RAM usibane, video zinakula RAM. Diski, ya wastani. Pawa saplai nunua mpya, hiyo ikiharibika inaondoka na wenzake."

"Na kadi ya picha?"

"Iliyotumika. Nitakutafutia nzuri, niipime mwenyewe. Wala usinunue vyote leo. Kila ukilipwa harusi moja, njoo uchukue kipande kimoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Walipofika kwenye bodi, walikuwa wanakunywa chai pamoja juu ya maboksi. Walipofika kwenye RAM, simu zilikuwa hazikauki.

"Mteja wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimeuza feni mbili."

"Nimekuuliza chakula, mpenzi, sijakuuliza biashara."

Shangazi yake mhariri, aliyekuwa akiishi naye, alimtazama juu ya miwani. "Mwanangu, hiyo kompyuta inajengwa au inachumbiwa?" Mhariri akacheka mpaka akaona haya. Ukweli ni kwamba alishafika mahali anafurahi pesa isipotosha, maana isipotosha atarudi tena wiki ijayo.

Kadi ya picha ikaja ya mwisho. Taratibu alitaka kuja kuifunga kompyuta, mhariri akakataa, akasema ataifunga kwa mikono yake. Akaifunga kweli, sebuleni, kila skrubu mahali pake. Akawasha. Feni zikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi tii. Akafungua, akafunga tena. Nyeusi. Na kuna bibi harusi aliyekuwa anasubiri video yake Jumatatu.

Kipande pekee ambacho hakukiona kikipimwa dukani kilikuwa ile kadi iliyotumika. Akaona amechezewa, na chai zote zile zilikuwa za kumlaza usingizi. Akafunga safari mpaka kwenye jengo, Jumamosi mchana, watu wamefurika.

"Umeniuzia kadi mbovu," alisema, na sauti yake ikashinda spika zote. "Tapeli mkubwa wewe. Kwa vile nilikuchekea, ukaona nimeshaingia mfukoni."

Mteja aliyekuwa ameshika prosesa aliirudisha mezani polepole, akaondoka. Taratibu aliona, ila akauliza tu.

"Waya wa skrini umeuchomeka wapi?"

"Nyuma, unapochomekwa. Usinifanye mjinga."

Akamwacha hapo. Simu ya Taratibu iliita mara mbili, hakupokea. Baada ya hapo haikuita tena, na hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukiri. Video ya Jumatatu aliimaliza kwa laptop, kwa taabu.

"Mwanangu," shangazi alisema siku ya tatu, "huyo mtu kakuuliza swali tu. Umeshaliangalia?"

Akainama nyuma ya kasha, shingo upande. Matundu ya skrini yalikuwa mawili, moja juu, kwenye bodi, na moja chini, kwenye kadi. Yeye alichomeka kwenye la juu. Prosesa yake ya bei nafuu haikuwa na uwezo wa kutoa picha, picha ilitoka kwenye kadi tu. Akahamisha waya. Skrini ikawaka bluu safi, naye akaketi sakafuni akalia kwa furaha na aibu kwa pamoja.

Angeweza kupiga simu. Lakini muuza vitu vilivyotumika hula kwa jina lake, na jina lile alilichafua mbele za watu. Jumamosi akarudi saa ileile, akawaomba majirani wazime spika, akapanda juu ya boksi.

"Wiki iliyopita nilimwita huyu bwana tapeli. Kadi yake ni nzima, imeshamaliza harusi mbili. Mimi ndiye niliyechomeka waya pabaya, na aliponiuliza nikamtukana. Naomba radhi, mbele yenu nyote."

Mteja mmoja akauliza kama kadi ya aina hiyo imebaki nyingine.

"Shuka, boksi hilo halina nguvu," Taratibu alisema, akimpa mkono.

"Umenisamehe?"

"Zamani. Nilipiga mara mbili. Ya tatu ingekuwa kuomba msamaha wa kosa nisilolijua." Akafuta mikono kwenye shati. "Ila vipande vimekwisha, sina tena cha kukuuzia. Jumapili nataka kuja kwenu na mjomba wangu, nizungumze na shangazi yako."

Mhariri alimwelewa. "Njoo asubuhi. Mchana nina harusi ya watu."

"Na ya kwetu, nani atahariri?"

"Mimi. Na ile Jumamosi ya kelele naikata yote."

"Usiikate," alisema, bado amemshika mkono. "Ukiikata ile, hii ya leo haitaeleweka."