Pumzi Katika Chumba cha Nyuma

Maumivu hayakumshangaza Dervla Considine. Pale kliniki mwanga wa leza ulimchapa shavuni kama mpira uliovutwa ukaachiwa, na alishaambiwa itakuwa hivyo. Kilichomshangaza ni kwamba kila mwanga ulipomulika, mtu alishusha pumzi ya raha karibu kabisa na sikio lake.

"Umesema nini, Orlaith?"

"Mimi? Sijasema kitu. Tulia, usifungue macho."

Dervla alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika mji wa Ennis, Ireland. Alikuwa na rosasia, ule ugonjwa unaowasha mashavu na pua mpaka mtu anaonekana kama ametoka kilabuni. Wazazi walinong'ona kuwa anapiga chupa kabla ya kengele ya asubuhi, yeye ambaye hata bia ilimshinda. Mwalimu mkuu alishaanza kumwita "kuzungumza." Kwa aibu aliomba atibiwe chumba cha nyuma cha kliniki, kisichotumika sana, asionekane.

Wekundu ulififia, kisha ukarudi umeiva zaidi. Akatibiwa tena. Ukarudi tena. Orlaith, muuguzi wa leza, alipunguza nguvu ya mwanga, akaita fundi, fundi akasema mashine ni nzima.

"Nimechoka!" Dervla alifoka. "Mnanibanika kama soseji halafu natoka mbaya kuliko nilivyoingia!"

"Unadhani mimi sijachoka? Wa chumba cha mbele wote wanapata nafuu. Wewe tu!"

Wakajaribu tena kwa hasira. Mara chumba kikanuka moshi wa mboji mbichi, ule udongo wa kinamasi unaochomwa kama kuni, ingawa jengo zima halikuwa na meko, na ile pumzi ikaanza kupanda na kushuka juu ya uso wa Dervla, ikisogea kila mwanga ulipomulika, ikikaribia mdomo wake, mpaka ikatoa neno moja kwa sauti kavu ya mtu asiyesema siku nyingi: "Tena."

"Orlaith, zima."

"Nimeshatoa mguu kwenye kanyagio," Orlaith alinong'ona. "Inawaka yenyewe."

Akachomoa waya ukutani.

Ni Orlaith aliyemtaja Mossie Hehir, mfugaji aliyerithi kwa bibi yake tiba ya jadi ya kuungua. "Ila daktari asijue, tafadhali. Atanifukuza."

Mzee Mossie alikuja mchana, daktari akiwa ametoka, akavua mabuti mlangoni, akanusa.

"Huyu hakai usoni kwako, binti yangu. Anakaa humu. Ana baridi, anakuja kuota moto kwako."

Akamshika Dervla mashavu, akasali chini kwa chini, akampuliza. Joto likamtoka usoni ghafla, na kioo cha dirisha kikapasuka.

"Msiwashe tena mashine humu," mzee alisema.

Dervla alihamia chumba cha mbele. Mzazi mmoja wa shuleni alimkuta pale akisubiri. Dervla akamwamkia kwa sauti, bila kujificha. Kufika majira ya kuchipua uso ulikuwa umetulia, na mwalimu mkuu hakumwita tena.

Lakini Orlaith alipojikaza akamweleza daktari mwenye kliniki, daktari alimcheka. "Nifunge chumba kizima kwa sababu ya mchunga ng'ombe? Wagonjwa wamejaa! Wapeleke humo."

Wa kwanza alikuwa msichana wa benki. Alilala kitandani, macho yamezibwa, akajitahidi kutabasamu.

"Jamani dada, mikono yako mbona baridi hivyo?"

Orlaith alikuwa bado mlangoni, anavaa glavu.