Mlango Uliotoka Ziwani

Jumamosi ile ilianza vizuri. Jua la majira ya baridi lilikuwa limechomoza juu ya Ziwa Borgen, na jirani yetu Corrine Tveit alikuwa amesimama kwenye karakana yao, amekumbatia kikombe cha kahawa, akiwasikiliza wanaume wawili wakibishana kuhusu mlango.

Aliufurahia ubishi ule kuliko walivyojua. Mwishoni mwa msimu uliopita, shemeji yake Merle alizama na kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda, barafu ikafunga juu yake, na mwili haukupatikana. Tangu hapo Arden, mume wa Corrine na ndugu pekee wa Merle, alikuwa kama mtu aliyehama akaacha mwili nyumbani. Alikaa dirishani kutwa akilitazama ziwa. Corrine alikuwa na hofu moja tu: kwamba ipo siku mumewe angelifuata ziwa lile kwa miguu yake mwenyewe, asirudi. Ndiyo maana ni yeye aliyesema, tujenge kibanda kipya, twende tukavue pamoja.

Kibanda kilikuwa tayari. Kilikuwa na matundu ya kuvulia sakafuni, mabenchi mawili, na jiko dogo la gesi. Kilibaki mlango.

"Chukua huu," alisema Wendell Skaar, jirani yao, akiupigapiga mlango wa aluminiamu aliong'oa kwenye karavani lake bovu. "Mwepesi, una mpira pembeni. Upepo utafika hapo uone aibu, urudi."

"Huo mlango wa banda la kuku," alisema Arden.

"Kuku wangu wana adabu kuliko ukoo wenu wote."

Arden akacheka. Corrine nusura amwage kahawa. Hakuwa ameisikia sauti ile kwa miezi mingi.

Wakaujaribu mlango wa jikoni wa marehemu mama yake Arden, wa mbao nzito. Wendell akauinua akaguna. "Bibi huyu alikuwa anafungia simba? Ukiubamiza huu, barafu inapasuka mpaka Kanada." Mlango wa chuma wa dukani nao ukakataliwa; chuma huganda, na kitasa hung'ang'ania ngozi ya mkono.

Ndipo Arden akazunguka nyuma ya rundo la kuni, akarudi amebeba mlango mwekundu.

Wendell akaacha kucheka. Mlango ule aliujua kila mtu. Ulikuwa wa kibanda cha Merle. Majira ya kuchipua, barafu ilipovunjika, ziwa liliusukuma ufukweni peke yake, bawaba zikiwa mahali pake na skrubu zote ndani ya bawaba, kama mlango uliofunguliwa polepole na fundi mwenye nafasi.

Watu wa ziwa lile wana mwiko mmoja. Kilichozama na mtu hakirudishwi kazini. Iwe kasia, iwe kiatu, ukikiokota unakirudisha majini na kwenda zako.

"Arden," Wendell alisema taratibu, "huo si wenu tena."

"Ni wa ndugu yangu. Kama si wangu, ni wa nani?"

Wote wawili wakamgeukia Corrine. Angeweza kukataa. Lakini aliutazama uso wa mumewe, akaona damu imerudi mashavuni.

"Uweke, mume wangu," alisema.

Fremu ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha mlango wa Wendell. Ule mwekundu uliingia bila kupigwa randa hata mara moja.

Kesho yake wakakiburuta kibanda barafuni. Waliendesha pikapu milango ikiwa wazi kidogo na mikanda haijafungwa, kama ifanywavyo huko barafu ikiwa bado changa, ili gari likizama mtu apate njia ya kutoka. Kibanda nacho hakikuwa na komeo ndani. Hakuna chenye komeo. Gesi ya jiko inaweza kuwalewesha waliomo, kwa hiyo mlango sharti ufunguke kwa mkono wa aliye nje, saa yoyote. Na mgeni hasubiri kufunguliwa. Hugonga na kuuliza habari za samaki, "Wanakula?" Aliye ndani, mikono yake ikiwa kwenye mshipi, hujibu, "Kidogo, ingia." Mgeni hujifungulia mwenyewe. Mtoto wa huko hujifunza jibu hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Asubuhi walivua vizuri. Arden alilitundika koti lake kwenye mojawapo ya kulabu mbili za ndani ya mlango, akakaa na shati, akapiga mluzi. Wakala mkate na samaki wa moshi. Corrine akaanza kuamini kwamba amempata mumewe.

Alasiri upepo ukageuka. Theluji ikaanza kuruka, na baada ya muda mfupi dirisha likawa jeupe. Kibanda cha Wendell, kilichokuwa karibu, kikatoweka.

Mlango ukagongwa.

"Wanakula?"

Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtu mwenye mafua. Arden hakuinua hata kichwa. Mdomo ulijibu wenyewe, kama ulivyojibu maisha yake yote.

"Kidogo, ingia."

Kitasa kikazunguka. Mlango ukafunguka. Hapakuwa na mtu. Upepo ulikuwa ukivuma nje, lakini hata chembe moja ya theluji haikuingia. Kisha mlango ukafungwa, taratibu, kama unavyofungwa na mtu mstaarabu.

Benchi la pili likalia, kama linavyolia likikaliwa.

"Arden," Corrine alinong'ona. "Twende nyumbani."

"Mgeni hajanywa kahawa."

Akamimina kikombe, akakiweka juu ya benchi lile. Kahawa ilikuwa ikitoa mvuke. Corrine aliutazama mvuke ukikoma. Utando wa barafu ukatanda juu ya kikombe, ukawa mgumu, ukapasuka katikati.

Arden akaanza kufungua kamba za buti.

"Unafanya nini?"

"Merle anasema chini hakuna upepo." Alisema kwa furaha, kama anayesimulia habari za harusi. "Anasema pako kimya sana."

Akavua buti la kwanza. Mguu wake ukashuka kwenye tundu la kuvulia. Maji yakafika kwenye kifundo. Corrine akamshika kwapani, akamvuta. Alikuwa mzito. Alikuwa mzito kupita mtu mmoja.

Akamburuta hadi mlangoni. Akashika kitasa. Kikazunguka bure, kama kijiko ndani ya kikombe kitupu. Akasukuma kwa bega. Mlango haukutikisika.

Unafunguliwa na aliye nje, aliwaza. Na nje hakuna mtu.

Nyuma yake maji yalipiga ukingo wa tundu. Benchi likalia tena. Aliyekuwa amekaa alikuwa amesimama.

Corrine hakujua wazo lile lilitoka wapi. Aliinua ngumi, akagonga mlango kutoka ndani.

"Wanakula?" aliuliza.

Kutoka upande wa pili, palipokuwa na upepo na theluji tu, sauti ndogo yenye mafua ikajibu.

"Kidogo. Ingia."

Kitasa kikamtii. Corrine akavuka kizingiti akimvuta mumewe, wakaangukia theluji. Akamfunga skafu yake mguuni. Pikapu haikuonekana, lakini honi ya gari la Wendell ilisikika. Mzee yule alikuwa akiipiga mfululizo ili waliopotea waifuate. Wakaifuata kwa kutambaa, mpaka mikono yao ikagusa ukuta wa kibanda chake.

Asubuhi upepo ulikuwa umelala. Walikwenda wote watatu kukichukua kibanda. Arden alikuwa ametoka hatarini. Alikula, alilala, alimwita mkewe kwa jina. Njia nzima Corrine aliushika mkono wake, nao ulikuwa wa moto.

Kibanda kilisimama palepale, mlango umefungwa. Wendell akakikaribia, akasimama ghafla.

"Shemeji," alimwita Corrine kwa sauti ya chini. "Njoo utazame mlango."

Mlango mwekundu ulikuwa umegeuzwa. Skrubu hazikuguswa, rangi juu ya vichwa vyake haikuwa na mchubuko. Lakini upande wa ndani sasa ulitazama nje, ukilikabili ziwa lote, kana kwamba ndani ni huko. Kulabu zilikuwa huku nje, na koti la Arden lilikuwa limening'inia kwenye mojawapo, limekauka vizuri.

Corrine akageuka kumtazama mumewe. Arden alikuwa anashuka kwenye gari la Wendell. Alisimama ukingoni mwa mlango wa gari, akakung'uta theluji viatuni, mguu mmoja kisha mwingine, kama tulivyofundishwa sote kufanya tunapoingia nyumba ya mtu. Kisha akakanyaga barafu.

"Nani ameniachia koti huku ndani?" aliuliza.

Wendell alikuwa akiitazama kulabu ya pili. Haikuwa na kitu. Lakini chini yake, katika baridi iliyogandisha ndevu za mzee, maji yalikuwa yakidondoka tone kwa tone, kama kutoka kwenye koti la mgeni aliyeingia punde, na pale yalipoangukia theluji hayakuganda.