Mtoto wa Muuza Nyama

Mtoto alilazwa katikati ya kitanda kilichomzidi ukubwa, viganja vimefunguka, vyeupe kama nta. Inspekta alipoingia wodini alijua moja kwa moja kwamba amekuja kuangalia maiti. Ndipo akaona kile kifua kidogo kinapanda na kushuka mbiombio, kama cha mtu aliyetoka kupanda mlima.

"Yu hai," alisema daktari wa watoto. "Lakini anaishi kwa damu ya kupewa. Yake imebaki kidogo mno."

Daktari ndiye aliyewaita polisi. Alieleza kwa ufupi kwamba mtoto, ambaye hajatimiza mwaka, ameletwa asubuhi akiwa hana fahamu. Vipimo havikuonyesha malaria wala minyoo wala ugonjwa wa kurithi. Mwili umekosa madini ya chuma, tena kwa muda mrefu. Kisha akashusha sauti: mama wa mtoto hali nyama, na amemwanzishia mwanawe chakula cha mimea mitupu.

Inspekta alikuwa mkongwe kazini, na alijisifu kwamba humjua mkosaji kabla hajafungua kinywa. Akatoka kwenda ukumbi wa kusubiri, ambako wazazi wengine walikuwa wamebanana kwenye mabenchi, akasimama mbele ya mwanamke aliyekumbatia mfuko wa nepi.

"Mama, mwanao unamlisha nini?"

"Dengu. Maharage yaliyopondwa. Mboga za majani, boga, parachichi. Na bado ananyonya."

"Nyama?"

"Hapana."

"Samaki? Yai?"

"Hapana, afande. Lakini nampa na..."

"Ndama hunenepa kwa majani," alimkata. "Ulizaa ndama?"

Kwenye benchi kuna mtu aliyecheka. Mwingine alitikisa kichwa na kumvutia mwanawe karibu, kana kwamba mama huyo ana ugonjwa wa kuambukiza. Mama mtoto aliinama, uso ukazama ndani ya mfuko wa nepi, na lile alilotaka kusema likamezwa.

Pembeni alisimama mama mkwe wake, mikono kiunoni. Huyo hakungoja kuulizwa. Alisema aliwaonya tangu mwanzo. Mtoto hapandwi kama mchicha. Alimwomba mkwewe mtoto apewe japo supu, akajibiwa kwa maneno ya kitabuni. Baba mtoto hakuwapo. Alikuwa chumba cha pili, mkono umenyooshwa, anamtolea mwanawe damu. Inspekta alimchungulia mlangoni, jitu la mwanamume lenye aproni ya kazini, machozi yanamtiririka bila sauti, akamhurumia.

Mama mtoto alilala mahabusu. Asubuhi alipoletwa chumba cha mahojiano, gauni lake lilikuwa limelowa kifuani. Maziwa yalikuwa yamejaa yakakosa wa kuyanyonya. Alijaribu kujifunika kwa viganja. Inspekta akajifanya anatafuta kalamu, mpaka askari wa kike alipoleta kitambaa.

"Jana ulitaka kusema unampa na nini?"

"Dawa ya matone. Ya madini ya chuma." Alizungumza akitazama meza. Mtoto, alisema, alizaliwa kabla ya siku zake. Kliniki walimwambia chakula cha mimea si kosa kikipangwa vizuri, lakini mtoto njiti huzaliwa akiba yake ya chuma haijajaa, kwa hiyo matone ni lazima, anakula nyama au hali. Alimpa kila asubuhi kwa mkono wake mwenyewe. Hakuruka hata siku moja.

"Mbona hukusema jana?"

Alimtazama kwa mara ya kwanza. "Uliniuliza kama nimezaa ndama."

Inspekta alifunga daftari lake. Alimruhusu arudi hospitali kunyonyesha, askari wa kike akifuatana naye, na chupa ya matone ikaenda maabara ya polisi. Jibu halikukawia.

"Inspekta, umeniletea chai," alisema mkemia kwenye simu.

"Chai?"

"Ya rangi, nzito, na sukari kidogo. Chuma hamna hata chembe. Na ubaya wake ni kwamba chai nzito huzuia mwili usifyonze chuma kilichomo kwenye dengu na mboga. Aliyefanya hivi alimnyima mtoto dawa, kisha akamharibia na chakula."

Mchana ule Inspekta alifika nyumbani kwao pamoja na mama mtoto. Mama mkwe alikuwa uani anaanika nguo. Inspekta alimshuku kwa sababu nyepesi tu, kwamba ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Akamuuliza kama aliwahi kuishika ile chupa. Bibi alikung'uta nepi kwa nguvu, maji yakamrukia afande usoni.

"Mimi namwambia mkwe wangu mchana kweupe kwamba mtoto anataka supu. Mtu anayesema kwa mdomo ana haja gani ya kujificha na chupa?"

Lilikuwa jibu zito. Inspekta alijipangusa uso, na macho yake yakatua kwenye kamba. Vilianikwa pale vitambaa vya kumfunga mtoto shingoni wakati wa kula. Vile vidogo, vya zamani, vilikuwa na madoa ya rangi ya kutu. Vile vikubwa vilikuwa na manjano ya boga na kijani cha mboga, kutu hakuna.

"Haya madoa ni ya nini?"

"Matone," alisema mama mtoto. "Yakidondokea nguo hayatoki."

"Na kwenye hivi vipya?"

Alivishika kimoja kimoja. Alichukua muda. "Nilidhani kiwanda kimebadilisha dawa," alisema polepole. "Hata choo chake kilikuwa cheusi, baadaye kikaacha. Nilifurahi. Nilidhani tumbo limetulia."

"Tangu lini?"

"Tangu alipozoea chakula."

"Dawa huifuata nani?"

Mama mtoto alikirudisha kitambaa kwenye kamba. Mama mkwe naye aliacha kuanika.

"Baba yake," alisema mwishowe. "Duka la dawa linapakana na bucha lake."

"Chupa huja na muhuri?"

"Huja ameshaifungua. Anasema kifuniko ni kigumu, nitaumia vidole."

Bucha lilikuwa safi, vigae vyeupe, mizani inang'aa. Mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bucha, alikuwa anakata mbavu huku akitaniana na wateja. Mzee mmoja wa kwenye foleni, bila kujua aliyesimama nyuma yake ni nani, alimuuliza Bucha kama mwanawe yuko malishoni au amefungwa kamba nyuma ya nyumba. Watu waliangua kicheko. Bucha naye alicheka, sauti kubwa kuliko wote, shoka likashuka na kukosa mfupa.

Hapakuhitajika upekuzi mrefu. Ndani ya chumba cha baridi, nyuma ya paja la ng'ombe lililoning'inia, palikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na dawa halisi ya matone, imehamishiwa kwenye chupa za soda, imezibwa kwa uangalifu. Inspekta aliunyanyua mfuko. Bucha alivua aproni, akaikunja vizuri, akanyoosha mikono.

Kituoni Bucha alikaa, kiti kikalemewa.

"Ulitaka kumuua mwanao?"

"Hapana, Wallahi. Nilitaka adhoofu kidogo tu. Apelekwe kwa daktari, daktari aseme huyu apewe maini. Mke wangu angesikia kwa daktari."

"Na dawa ukaihifadhi ya nini?"

"Ningemrudishia akishaanza nyama."

"Kuhusu chakula, mlikubaliana nini kabla ya kuoana?"

"Kwamba chakula cha watoto ni juu yake. Nilikubali. Nilikuwa nimependa, ningekubali hata kula mawe." Alikwangua damu iliyokaukia chini ya kucha. "Umewasikia pale dukani, afande. Kila siku ni hivyo. Muuza nyama, mwanawe halambi hata mchuzi. Fundi viatu, watoto peku. Nacheka nao. Nikifunga duka nakaa mle ndani peke yangu mpaka uso urudi kama wa mtu."

"Ungempa kipande kwa siri, yakaisha."

"Angenawiri, na sifa zingekwenda kwa dengu. Nilitaka ijulikane kwamba ni nyama."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Mkeo alilala mahabusu. Wewe ulikuwa unajua."

Bucha aliinamia meza. Mabega yale makubwa yalianza kutetemeka.

"Mara ya kwanza niliona haya kusema. Baadaye niliona haya kwamba sijasema. Nikajiambia, ngoja kwanza nitoe damu, mtoto apone, halafu nitasema. Daktari akasema damu yangu imekubali. Wauguzi wakanisifu kuwa mimi ni baba kwelikweli. Baada ya hapo, afande, ningefunguaje kinywa?"

Alitia sahihi maelezo yake akarudishwa ndani. Kesi ilikuwa imekwisha, lakini Inspekta hakuagiza chai kama ilivyokuwa desturi yake. Alikwenda hospitali.

Mama mtoto alikuwa kwenye benchi lile lile. Inspekta angeweza kumwita pembeni. Alisimama mbele yake, na wenye kuuguza wakatega masikio kama mwanzo. Akasema, kwa sauti ya kuwafikia wote, kwamba mama huyu hakumdhuru mwanawe, alimlisha vizuri na kumpa dawa alivyoagizwa, na kwamba yeye Inspekta alimtukana mbele ya watu bila kuuliza, naye anamwomba radhi. Hakuna aliyecheka. Mmoja alijifanya anafunga kamba za viatu.

Kisha akaketi kando yake, akamweleza kwa kunong'ona alichofanya mumewe, na sababu yake. Mama mtoto alisikiliza hadi mwisho bila kulia.

"Mimi ni karani wa mapokezi," alisema. "Wenzangu wakiuliza mume wangu anafanya kazi gani, nasema ana biashara. Neno bucha halijawahi kunitoka. Siku moja alinipitia kazini ili turudi pamoja, yuko na aproni yake. Nikamwambia akanisubiri nje ya geti, nyuma ya ukuta."

"Alijua kwa nini?"

"Hakuuliza. Alisubiri. Hakunipitia tena."

Muuguzi alitokeza mlangoni, akasema mtoto ameamka na analia njaa. Mama mtoto alijipangusa uso na kuingia ndani. Inspekta alibaki pale benchini, watu wakimtazama, na asijue atanyanyukaje.