Chupa ya Zambarau

Jumamosi asubuhi nyumba ya akina Ackroyd huwa haina utulivu. Baba anafungulia mpira wa Uingereza kwenye redio na kuitukana timu yake mwenyewe, Mama anachoma mkate na kupasha maharage ya kopo, birika linapiga mluzi. Wako Akron, jimbo la Ohio, mwaka wa pili sasa, lakini ukiingia jikoni kwao Jumamosi utadhani hawajatoka Hull, mji wao wa Uingereza.

Jumamosi ile ya Januari redio ilikuwa imezimwa. Baba, mzee Neville, alikuwa ameitwa kiwandani wanakotengeneza matairi, na Wilf alikuwa mgonjwa.

Sasa, Wilf ana miaka mitano na hajui kunyamaza. Akikosa mtu wa kuongea naye anaongea na viatu. Lakini siku ile alikuwa amelala tu, mashavu mekundu, anaangalia dari. Nje theluji ilikuwa inamwagika bila haraka, na mbingu imeshuka mpaka juu ya mapaa. Dada yake Bryony, wa miaka kumi na miwili, alimwangalia mara moja mlangoni akaondoka. Hakupenda ule ukimya.

"Bry, njoo hapa kipenzi," Mama aliita huku anavaa koti. Yeye hufanya kazi maktaba, zamu ya mchana. "Nimeshampa paracetamol. Usimpe nyingine mpaka nirudi. Nyingi ni mbaya. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Nimesema nini?"

"Nisimpe paracetamol. Mama, na jioni naenda kwa Kaylee au siendi?"

Kaylee alikuwa anafikisha miaka kumi na miwili siku hiyo, na wasichana sita walikuwa wamealikwa kulala kwao. Bryony alikuwa hajawahi kualikwa popote tangu wahamie.

"Ukimtunza mdogo wako vizuri, Baba atakupeleka," Mama alisema. "Nikikuta fujo, husogei hapa." Mlango ukafungwa.

Ile paracetamol ilikuwa ya rangi ya waridi, imetoka kwa bibi yao Hull. Kila baada ya miezi michache Bibi hutuma boksi: majani ya chai, biskuti, na dawa. Mama haamini dawa za madukani Marekani. Husema kila kitu huku kina jina lingine, utajuaje unachokunywa?

Na ni kweli majina yanachanganya. Wiki ya kwanza shuleni mwalimu alitangaza kwamba kesho kuna baridi kali, kila mtu avae suruali nene. Sasa neno wanalotumia Wamarekani kwa suruali, kwa Waingereza ni chupi. Bryony akanyoosha mkono, akauliza mwalimu atajuaje kama amevaa nene au nyembamba. Darasa zima lilikufa kwa kicheko. Tangu siku hiyo Kaylee anamwita Chupi Nene, na hapo ndipo urafiki wao ulipoanzia.

Basi Mama alipoondoka tu, Bryony akampigia Kaylee simu ya video.

"We Chupi Nene, unakuja au hauji?"

"Nakuja! Labda huyu mtoto aniharibie."

Kama aliyesikia, Wilf akaanza kulia chumbani. Kichwa, anasema. Bryony akamletea maji. Akarudi kwenye simu. Wilf akalia tena. Akampelekea magari yake ya kuchezea. Wilf akayatupa chini, akalia kwa sauti ya kukwaruza.

Bryony akaenda bafuni akafungua kabati la dawa. Chupa ya waridi ilikuwa mbele, lakini ile alikatazwa. Nyuma yake kulikuwa na chupa nyingine, ya zambarau, ambayo Baba aliinunua dukani walipofika tu, kabla boksi la Bibi halijaanza kuja. Akasoma maandishi: ya homa na maumivu, kwa watoto, ladha ya zabibu. Jina la dawa: asetaminofeni.

Akalisoma tena. Asetaminofeni. Mama amekataza paracetamol. Hii siyo paracetamol.

Akachukua kijiko cha supu, akamimina viwili. Wilf akalamba midomo. "Tamu! Niongeze."

"Hapana. Lala."

Simu ilikuwa inaita. Bryony akaiweka chupa kwenye kiti kando ya kitanda, akageuza kifuniko mara moja bila kukikaza, akatoka mbio. Kaylee alikuwa anamwonyesha keki, mablanketi, filamu watakayoangalia. Waliongea sana. Wilf hakulia tena hata kidogo, na Bryony akajisifu moyoni.

Alipokwenda kumwangalia, Wilf alikuwa ameketi kitandani, midomo ya zambarau, mto una madoa ya zambarau, chupa iko mapajani. Imebaki nusu kidole chini kabisa.

"Nimemaliza juisi," alisema Wilf.

Bryony akapiga magoti kando ya kitanda. Akamshika mashavu. "Umekunywa yote? Wilf, unaumwa wapi?"

"Siumwi." Na kweli, alicheka. Akashuka kitandani, akayaokota magari yake, akaanza kuyagonganisha: buuu, paaa!

Bryony akasimama pale anamtazama. Ni dawa ya watoto, alijiambia. Dawa ya watoto itamdhuruje mtoto? Na mbona anacheza? Akamfuta midomo. Akaugeuza mto upande wa pili. Ile chupa akaizamisha kwenye pipa la jikoni, chini ya majani ya chai yaliyolowa, akanawa mikono. Kisha akanawa tena.

Mama aliporudi, theluji mabegani, alikuta mtoto anaendesha gari juu ya ukuta wa ukumbini. Akamgusa paji la uso. Limepoa kabisa!

"Bry! Umemfanya nini huyu?"

Bryony akaangalia pembeni. "Sijamfanya kitu. Alilala tu."

"Kumbe nina nesi ndani ya nyumba!" Mama akamkumbatia. "Haya, nenda kafunge mkoba wako. Baba yuko njiani."

Kukumbatiwa kule kulimchoma. Alipanda ngazi akakaa kitandani, mkoba uko wazi miguuni. Chini Wilf alikuwa anacheka. Kila akicheka, Bryony alipaswa kufurahi, lakini alikuwa anazidi kuogopa, bila kujua anaogopa nini. Akampigia Kaylee, sauti ya chini.

"Kaylee, mama yako si anauza dawa? Muulize, asetaminofeni ni nini?"

"Ndiyo maswali gani hayo siku ya keki?" Kaylee akageuka akapiga kelele: "Mamaaa! Bryony anauliza asetaminofeni ni nini!"

Sauti ya mama yake ikasikika kwa mbali. "Mwambie ndiyo ileile wanayoiita paracetamol kwao. Dawa moja, majina mawili. Wasichanganye, ikizidi inaharibu ini. Tena mtu unamwona mzima kabisa siku hiyo, kumbe ndani..." Sauti ikasimama. Ikawa karibu zaidi. "Kaylee, nipe hiyo simu. Nani amekunywa?"

Bryony akakata.

Nje honi ya Baba ikalia mara mbili. Alikuwa ameacha gari linanguruma, akimsubiri. Bryony akasimama na mkoba. Akiteremka ngazi hizi na kuingia kwenye gari, hakuna atakayejua. Chupa iko chini ya majani ya chai. Wilf anacheka.

Chini, jikoni, Mama alikuwa anatikisa chupa ya waridi. "Haya bwana mdogo, cha usiku, homa isirudi. Fungua mdomo. Aaa."

Wilf akafungua mdomo.

"Mama, usimpe!"

Mkoba ulibingirika ngazini mbele yake. Mama alisimama na kijiko hewani.

"Nini tena?"

"Amekunywa nyingine. Ile ya zambarau. Mimi ndiye niliyempa, halafu nikaiacha, akaimaliza yote. Mama, ni paracetamol. Ni ileile! Nilikuficha."

Baba alikuwa ameingia kuona kuna nini, buti zina theluji. Wote wawili wakamwangalia Wilf. Wilf akawaangalia wao, mdomo bado wazi anasubiri kijiko.

Na hapa ndipo mambo yalipotaka kuharibika kabisa. Sababu watu wa Hull wana tabia moja: hawapendi kukuza mambo. Mtu wa Hull akivunjika mguu atakwambia anachechemea kidogo.

"Haya, haya," alisema Baba, anavuta kiti. "Tusishtuke. Mwangalieni, ni mzima wa afya. Tumnyweshe maji, tuone kesho ataamkaje."

"Barabara zenyewe hizi," Mama alisema, ingawa uso wake ulikuwa umekwisha kuwa mweupe. "Twende kuwasumbua madaktari kwa mtoto anayecheza? Watatucheka."

"Mama yake Kaylee amesema siku ya kwanza huonekani mgonjwa!" Bryony alikuwa analia sasa. "Ndiyo ilivyo! Kesho tutakuwa tumechelewa, Baba!"

Akakimbilia pipa, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akaivuta ile chupa na majani ya chai yote. Akaiweka mezani mbele ya Mama. Mama akasoma jina. Akasoma ukubwa wa chupa. Akatazama kilichobaki. Alikwenda moja kwa moja kwenye friji, ambapo mwenye nyumba alikuwa amebandika namba ya simu ya wataalamu wa sumu, akapiga.

Alipokea mwanamke mwenye sauti tulivu. Aliuliza kuhusu mtoto.

"Aa, si mbaya sana," Mama alisema, na hata alijaribu kucheka. "Anacheza tu, samahani kwa kukusumbua..."

"Mama," yule mwanamke akamkatiza, "sijakuuliza anaonekanaje. Nimekuuliza amekunywa nini, kiasi gani, na lini."

Mama hakuweza kujibu la lini. Akamnyooshea Bryony simu.

Kwa mara ya kwanza siku ile Bryony alijibu maswali bila kuzungusha. Vijiko viwili, vya supu. Chupa ilikuwa karibu imejaa. Ni mchana, baada ya Mama kuondoka. Kaylee alikuwa anamwonyesha keki. Ndiyo, na paracetamol ya Mama kabla ya hapo. Ndiyo, nina uhakika.

"Umenisaidia sana," alisema yule mwanamke. "Mwambie baba ampeleke hospitali sasa hivi. Nendeni na hiyo chupa."

Safari ile, jamani. Matairi yanateleza, vifuta kioo vinahangaika. Wilf peke yake ndiye aliyekuwa anaimba. Aliimba mpaka mlangoni mwa hospitali, na ule wimbo Bryony alitamani auzime, maana alikuwa anamwangalia mdogo wake na kufikiria ini lake, ndani mule, halina mdomo wa kulia.

Wakamtoa damu. Akalia sana. Kisha wakakaa kungojea majibu, Mama ameshika koti la Wilf kama mtoto mchanga. Daktari Villanueva, mama mfupi mwenye miwani, alirudi haraka kuliko walivyotegemea.

"Kiwango kiko juu sana," alisema. "Tunaanza kumpa dawa ya kuzuia sumu kwenye mshipa, sasa hivi. Bado tuko ndani ya muda."

"Je, tungekuja kesho?" Baba aliuliza.

Daktari alimtazama tu. Baba akainamisha kichwa.

Dripu ilikwenda usiku kucha na siku iliyofuata. Simu ya Bryony iliita, akina Kaylee wanamtafuta, aliizima. Wilf alitapika, akalala, akatapika tena. Wakampima damu, wakampima tena, na kila mara nesi alipotoka na ile chupa ndogo ya damu, familia yote ilikuwa inasikiliza hatua zake mpaka ziishe kwenye ukumbi.

Jumatatu asubuhi Daktari Villanueva aliingia na karatasi, na kabla hajazungumza walimwona anatabasamu. Ini la Wilf lilikuwa salama.

Mama aliketi chini, pale pale sakafuni, akalia kwa sauti bila kumwomba mtu samahani.

Daktari alivuta kiti karibu na Bryony. "Nataka kukuambia mambo mawili, na la kwanza halitakupendeza. Ulifanya kosa kubwa. Dawa haitolewi kwa kukisia, na usiyoijua jina lake huigusi. Ulipoificha chupa, ulimfichia mdogo wako njia ya kupona. Unaelewa?"

"Naelewa, Daktari."

"La pili. Dawa niliyompa ina saa zake. Ikiwahi inaponya, ikichelewa haina kazi. Ukweli nao uko hivyohivyo. Ungeusema Jumapili, ungekuwa ukweli bado, lakini usingemsaidia mtu. Ulikuwa na mkoba mkononi na gari mlangoni, na ukausema. Ndiyo maana huyu anapumua vizuri." Akawageukia wazazi. "Na nyie, mtoto akiwaambia kuna hatari, msimpime kwa kicheko cha mwenzake. Aibu ya kuchekwa na daktari inapona. Ini haliponi kirahisi."

"Tumeelewa," alisema Baba, na hakuongeza utani wowote.

Bryony alikaa kando ya kitanda, akaushika mkono wa Wilf ule usio na sindano. Ulikuwa wa moto wa kawaida, una jasho kidogo, na vidole vilikuwa vinachezacheza. Akaubana. Akaendelea kuubana mpaka Wilf akafungua jicho moja.

"Bry," alisema, "unaniumiza."