Kabla Tata Hajahamia

Nyumba ya Tata ilikuwa imeisha. Benedetta aliinama uani akichambua kunde, lakini macho yake hayakutoka kwenye ile rangi mpya. Watu wa Adungosi wakipita na baiskeli walipunguza mwendo, wakasema, "Hongera, mama!" Naye alicheka tu. Angefanyaje? Raha ilikuwa imemjaa.

Tata ni mama ya Emojong, mume wa Benedetta. Macho yake hayaoni vizuri tena, na magoti yamechoka. Wanawe walimjengea nyumba yenye bafu ndani, chumbani kwake kabisa. Jumamosi angehamia kwa sherehe.

Fundi alikuwa Omagor, aliyemwoa dada ya Emojong. Ni fundi hodari na mcheshi. Lakini ni mkwe, na mkwe, jamani, nani atamkosoa?

Jirani yao Zilpa alipita kutoka sokoni. "Nyumba mmeikagua?" aliuliza.

"Tukague nini, na inang'aa hivi?"

"Hata yangu iling'aa, dada. Mvua ya kwanza nikalala na karai kitandani! Lete maji."

Zilpa aligonga ukuta wa chumba. Mahali pengine palilia kama debe tupu. "Hapa plasta haijashika. Itabanduka." Kisha akamwaga maji bafuni. Maji hayakwenda kwenye shimo la kuyatoa nje. Yalitoka mlangoni, yakaingia chumbani, yakasimama pale kitanda kingekaa.

Benedetta aliyatazama. Tata asingeona maji hayo. Angeteleza.

"Basi tutamwambia Omagor baada ya sherehe," alisema. "Tusimharibie siku."

"Wewe! Tata akishalala humu, Omagor ataingia aje?"

Benedetta akashika mdomo. Kweli! Kwao Wateso, mkwe haingii anapolala mama mkwe. Hapo fundi angebaki nje na kosa lingebaki ndani.

Jioni walimweleza Emojong, naye akakuna kichwa. "Ataona tumemdharau."

"Usimgombeze," Zilpa alisema. "Usimseme mbele ya watu. Mwonyeshe tu. Kukagua si dharau. Nyumba ni ya mwenye kukaa, na mwenye kukaa ana haki ya kuuliza."

Kesho yake Emojong alimwita Omagor peke yake, akamwaga maji bafuni. Omagor aliyafuata kwa macho mpaka chumbani. Uso ukamshuka.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikuogopa, shemeji."

"Mnaniogopa, halafu mama aanguke? Huyo ni mama yangu pia!" Alikaa chini kidogo. "Nilikimbizana na Jumamosi yenu. Plasta sikuinywesha maji, na sakafu sikuipima. Pole sana."

Alichukua nyundo akabomoa. Sakafu akaipima upya, ikainama kuelekea shimo. Plasta mbovu aliibandua, akapiga nyingine. "Simiti ikikauka haraka inapasuka," alimwambia Benedetta. "Mwagia maji asubuhi na jioni, wiki nzima." Sherehe ikasogezwa mbele. Watu walinung'unika, na Benedetta akawaacha wanung'unike. Yeye alimwagia ukuta maji kama anayemwogesha mtoto.

Siku ya sherehe, kabla Tata hajaingia, Omagor mwenyewe alimwaga maji tena mbele ya wote. Yalikwenda moja kwa moja shimoni. Wanawake wakapiga vigelegele.

Asubuhi iliyofuata alikuja kusalimia, akasimama mbali, uani, kama mkwe anavyotakiwa. Sauti ya Tata ikatoka dirishani, kali na yenye furaha:

"Omagor! Mwanangu! Leo nimeoga mwenyewe. Hakuna mtu amenishika mkono!"